Gauni la Nafasi ya Sifuri

Mwanangu Edita,

Salamu nimeshakupa asubuhi ulipotoka kwenda kuaga, kwa hiyo hapa nazipita. Ninaandikia kibarazani, juu ya meza ya cherehani, nyuzi nimezisogeza pembeni. Karatasi ni ya khaki, ile ninayochorea kola, kwa hiyo ukikuta mstari wa chaki katikati ya maneno ujue hauna maana yoyote.

Habari za kula, za kuamka mapema na za kuchagua marafiki sitakuandikia. Mama mdogo wako alikaa nawe jana akayamaliza yote, mpaka ya kufua soksi.

Kwanza nikwambie hali yangu, usije ukasoma ukadhani nimeandika huku nalia. Sijalia. Tangu tumzike Bibi sijalia hata mara moja. Mikono inashona, mguu unakanyaga pedali, mteja akinisalimia naitika. Ni kama ule mguu unaoukalia vibaya kanisani, ukisimama unakubeba lakini huusikii. Kesho unaondoka na bado sisikii kitu. Nadhani kitakuja. Kikija nitakuwa hapahapa Lizaboni, wewe usinisubiri.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kompyuta.

Jana mlipokuwa mnakunja nguo nilikuwa nyuma ya pazia na pasi yangu. Nilisikia ukimwambia mama mdogo, "Nikifika Iringa nitaomba wanibadilishie kozi." Akakuuliza, "Kwani kompyuta imekufanya nini? Si ulikuwa unaiota hata usingizini?" Ukamjibu, "Imenitoka tu, Mama mdogo." Naye akasema, "Haya, basi kasome hata kilimo, utulimie mahindi kwa Kizungu." Mkacheka. Mimi sikucheka, maana najua haikukutoka tu. Najua mpaka siku ilipokutoka.

Nianzie mbali kidogo, uvumilie. Wakati nakupata nilikuwa mdogo kuliko ulivyo leo, na shule niliachia kidato cha pili. Nilipokwenda kujifunza ushonaji kwa fundi kule mjini, namba zilinisumbua. Si kuzisoma, kuzishika. Fundi akisema kiuno thelathini na mbili, mpaka nifike kwenye kitambaa imekuwa ishirini na tatu. Ndiyo nikaanza zile kamba ulizokua ukiziona. Pindo la kitambaa, lile la pembeni linalotupwa, nalikata refu, nampima nalo mteja mwenyewe. Kifuani naweka fundo. Kiunoni naweka fundo la pili kwa kuanzia palepale mwanzo. Kwenye hipsi la tatu. Urefu ni pale kamba inapoishia. Halafu natundika msumarini. Kamba moja ni mtu mmoja, basi.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unazicheza. Uliwaita kwa majina. "Huyu Mama Otilia, mzito," unasema, unaikokota sakafuni.

Usidhani nazisifu. Panya walikuwa wanazila. Na watu wananenepa, kamba hainenepi. Kwa hiyo ulipokuja na ile kompyuta kuukuu, isiyowaka mpaka iwe kwenye umeme, ukasema, "Mama, leta vipimo vyote humu," nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilizitoa kamba zote misumarini nikazishindilia ndani ya mto. Ule mto wa kiti cha cherehani. Mpaka leo naukalia.

Mwalimu wenu alikuwa amewafundisha lugha ndogo ya kuandikia programu, ile ya wanaoanza. Ulinieleza kwamba haina vyumba vya kumweka mtu na vipimo vyake pamoja, ina safu tu. Nikakuuliza safu ndiyo nini. Ukasema ni kama foleni ya ndoo bombani, kila ndoo na nafasi yake, kila nafasi na namba yake, na ndoo moja inabeba kitu kimoja. Na namba zinaanzia sifuri.

"Bombani hakuna ndoo ya sifuri," nikakuambia.

"Kwangu ipo, Mama. Ndiyo ya mbele kabisa."

"Huyo wa mbele anajisikiaje kuitwa sifuri?"

"Anawahi maji, hajali."

Kwa kuwa ndoo inabeba kitu kimoja, mtu mzima hakuingia kwenye ndoo. Ikabidi uwagawe. Safu moja ya majina, safu nyingine ya vifua, nyingine ya viuno, ya hipsi, ya urefu. Aliye nafasi ya tano kwenye majina, kifua chake kipo nafasi ya tano kwenye vifua, na hivyohivyo mpaka mwisho. Ukitaka kumpata Mama Generosa unapita safu zote kwenye namba ileile na kumkusanya. Niliona ni akili sana. Bado naona hivyo.

Ulitaka kujaribu kwanza kama inafanya kazi. Ukaniambia, "Simama nikupime wewe." Unakumbuka? Nilikataa, nikasema fundi hapimwi. Na kweli tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kunizungushia futi, nguo zangu nilikuwa nazikata kwa macho. Ukanizungushia, ukajinong'oneza mwenyewe namba, ukaandika. Mimi sikuzisikia hata, nilikuwa nasikia pumzi yako shingoni, ulikuwa umeshanipita urefu.

Ndipo ikaja kazi ya sare. Akina mama wote wa jumuiya yetu ya kanisani, kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Walipimwa mmoja mmoja hapa kibarazani, mimi nasoma futi, wewe unaandika. Bibi alikuja karibu na mwisho. Alivua sweta lake akalikunja vizuri kana kwamba yuko hospitalini, akanyoosha mikono. "Pimeni haraka," akasema, "kabla sijapungua."

Halafu mwenyekiti wetu akasema majina yapangwe kwa alfabeti, ili siku ya kugawa wasigombane nani aitwe kwanza. Mimi ndiye niliyekuagiza. Nilisema tu, "Edita, wapange kwa alfabeti," kama ninavyosema funga mlango. Ukaandika, ukabonyeza, majina yakakaa sawasawa. Anastazia, yaani Bibi, akapanda juu kabisa, kwa kuwa jumuiya yetu haina Adelina. Pembeni ya majina kulikuwa na namba, mstari mnyoofu. Palikuwa pasafi.

Uliyaambia majina yahame. Vifua hukuviambia kitu. Vilibaki vimekaa palepale vilipokuwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Nilipokuwa nakata, nilifika kwa Mama Otilia. Namba iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya msichana. Mama Otilia nimemshonea tangu wewe unatambaa, nikifumba macho naweza kuuzungusha mkono wangu nikakuonyesha anaishia wapi. Mkasi ulisimama. Nakumbuka kabisa ulisimama. Nikaangalia kwenye kioo cha kompyuta, nikaona jinsi pale palivyokuwa pasafi, na chini kuna jina lako uliloandika kwa herufi kubwa. Nikakata. Sikukuita kukuuliza, maana nilitaka uwe umepatia. Siku zile hilo sikumwambia mtu.

Siku ya kujaribisha unaijua. Mama Otilia alishindwa kupitisha mkono. "Fundi, hili la nani? Mmenichanganya na mtoto wa ekaristi?" Mama Generosa, yule mwembamba, akatokea chumbani amelishika lake pande zote mbili. "Mimi nimepewa hema. Nani analala humu na mimi?" Wakacheka, halafu kadiri lilivyovaliwa moja baada ya jingine wakaacha kucheka. Na mimi nikasema, mbele ya wote, "Si mimi jamani, ni kompyuta ya huyu mtoto."

Ulikuwa umeshika pasi. Hukuinua kichwa. Uliendelea kupiga pasi mkono uleule wa gauni, mkono mmoja huohuo, mpaka wakaondoka.

Jioni ulikuja ukaniambia, "Mama, nimehamisha majina peke yake." Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka. Nilipaswa kusema kitu kingine na nilikuwa nacho mdomoni, nikasema sawa.

Yaliyofuata tuliyamaliza wote wawili. Yaliyopwaya tukapunguza. Yaliyobana hayana cha kupunguza, tukayafungua ubavuni na kuongeza vipande vyeusi, na siku ya sikukuu jumuiya ya jirani wakaja kuuliza mshono ule unaitwaje, nao wanautaka. Wewe ulicheka siku hiyo. Nilikuona.

Na usiku wa siku ile ya kujaribisha ulirudi kwenye programu yako. Ukagundua kwamba ile lugha ndogo, pamoja na kukosa vyumba, inakubali nafasi moja ibebe safu nyingine ndani yake. Ndoo yenye vikombe ndani. Basi kila mwanamke ukamtengenezea safu yake ndogo. Sifuri ni jina, moja ni kifua, mbili ni kiuno, tatu ni hipsi, nne ni urefu. Juu kabisa ukaandika maana ya kila namba, JINA, KIFUA, KIUNO, ili usije ukasahau mbili ilikuwa ya nini. Halafu hizo safu ndogo zote ukazipanga ndani ya kubwa. Jioni iliyofuata ukaniita nije nione. Ukawapanga kwa alfabeti, ukawapindua, ukawapanga tena kwa urefu, na kila mara Mama Otilia alitokea na kiuno chake mwenyewe.

"Umeona? Sasa hivi akihama anahama mzima."

"Kama kamba zangu," nilisema.

"Kama kamba zako, ila panya hali."

Ile ilikuwa jioni nzuri. Bibi alikuwa amekaa palepale mlangoni anachambua maharage, amevaa sare yake. Lake lilikuwa miongoni mwa yaliyopwaya. Lilikuwa linamzunguka kama pazia, amelikaza kiunoni kwa kitenge. Nilimwambia tena, "Mama, lete nilipunguze." Akasema, "Liache. Nimepata na chumba cha mgeni. Wewe maliza ya wenye haraka."

Nikamaliza ya wenye haraka. Aliyepiga kelele nilimshonea leo, aliyenuna nilimshonea kesho. Yeye hakupiga kelele wala kununa, basi akawa wa mwisho, na kila siku alikuwa wa mwisho. Katika yote niliyoyakosea hili ndilo linalonirudia nikiwa nakanyaga pedali. Sijui nikufundishe nini kutokana nalo. Nakwambia tu lilivyokuwa.

Kuugua kwake unakujua, hakukuchukua muda. Na tunavyozika akina mama wa jumuiya unajua pia, mtu anakwenda na sare yake. Walipokuwa wanamvalisha mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Mama Otilia alilivuta gauni kwa nyuma, likaja mkononi mwake kitambaa kizima. Akasema taratibu, "Leteni pini." Wewe ndiye uliyekuwa na kile kikopo cha pini. Ulimpa moja, akaomba nyingine, ukampa. Walimkunjia mgongoni, kwa mbele akaonekana kama limemkaa. Mimi ni fundi na niliangalia tu.

Baada ya matanga nilifanya jambo jingine. Uliwasha kompyuta, ulitaka tu kuona kama inawaka. Nikakuuliza, "Bibi tumfute?" Niliuliza kama ninavyouliza kama maji yametoka. Sikuwa na ubaya, ndivyo nilivyokuwa, na ndivyo nilivyo mpaka leo. Ukasema, "Ukimfuta, wote wanasogea." Ukaifunga. Hujaifungua tena. Ilikuwa chini ya vitambaa vya watu, na jana niliona begi lako, kila kitu kipo isipokuwa hiyo.

Kwa hiyo jana ulipokwenda stendi kuulizia basi niliifungua mimi.

Usishtuke, sikuharibu. Ulinifundisha mwenyewe, bonyeza mara mbili, halafu ile alama ya pembetatu. Ila nilifungua programu isiyo yenyewe. Nilifungua ile ya kwanza, ya makosa. Hukuifuta. Majina yakatoka na namba zake za uongo pembeni, na juu kabisa, nafasi ya sifuri, akatoka Anastazia.

Nikakaa naye pale. Nikawaza, hizi namba zilizo mbele yake si zake, sasa ni za nani? Gauni alilokwenda nalo ni la nani? Umeme ulikuwepo, mteja hakuwepo, nikafuata kidogokidogo. Majina yalihama, namba hazikuhama. Basi namba zilizopo sifuri ni za yule aliyekuwa sifuri kabla ya alfabeti. Aliyekuwa mbele kabisa ya foleni. Na aliyekuwa mbele kabisa si mama yeyote aliyekuja kupimwa sare, ni yule uliyemsimamisha kumjaribia.

Nilichukua futi nikaenda kwenye kioo cha kabati. Nilijizungushia kifuani. Ikawa sawa na ya kwenye kompyuta. Kiunoni, sawa. Hipsi, imezidi kidogo, lakini tangu msiba watu wananiletea maandazi. Urefu, sawa.

Edita, Bibi amezikwa na gauni langu. Si gauni la mtu asiyejulikana, wala si gauni la makosa kama ulivyokuwa unalitazama siku ile na kikopo mkononi. Ni mwili wangu kipimo kwa kipimo, uliopimwa na mikono yako, nami nikaukata kwa mkono wangu bila kujua ninajikata mwenyewe. Chumba cha mgeni alichosema kilikuwa changu. Kama alijua au hakujua, sijui. Nilipomwambia nilipunguze alikataa mara tatu, na yeye hakuwa mtu wa kukataa kitu.

Nilisimama pale kwenye kioo na futi imenizunguka. Hapo nilihisi kitu kidogo, hapa chini ya mbavu, kama mguu unapoanza kurudi. Kikapita. Lakini kilikuwepo.

Sikwambii usibadilishe kozi. Ukiona kilimo ni kizuri, kasome, tutakula mahindi. Nakukatalia kitu kimoja tu, kuondoka ukiamini kwamba wewe ndiye uliyemfunga Bibi pini. Mkasi ulikuwa kwangu, na uliposimama niliona. Wewe ulikosea jambo dogo ukiwa unajifunza, ukalitafuta usiku huohuo, ukalitengeneza vizuri kuliko mwanzo, huku mimi nimekutupia lawama mbele ya watu. Nimeshaanza kuwaambia. Jumapili baada ya misa nilimwambia Mama Otilia, niliona namba yako ni ya msichana na bado nikakata. Akaniangalia. Akasema, "Basi ulinionea wivu." Tukaachana hivyo, lakini ataeneza, unamjua.

Na Bibi sikumfuta. Nilifungua ile ya pili, ya ndoo zenye vikombe, nikamwangalia na vipimo vyake mwenyewe vidogo. Siku ukitaka kumfuta utamfuta wewe. Wote watasogea, ndiyo, lakini ulinionyesha mwenyewe, humo kila mmoja anasogea na vyake. Hakuna atakayeharibika.

Kesho ukihama, mwanangu, hama hivyo. Usihamishe jina peke yake hadi Iringa, mengine ukayaacha hapa chini ya vitambaa vya watu.

Kompyuta iko juu ya kitanda changu. Leo mchana niliipima, urefu, upana, na unene pale inapofunga, nikaishonea mfuko kwa kipande cha sare kilichobaki, na ubavuni nimeweka ule weusi. Waya wake nimeuwekea mfuko wake mdogo, humohumo ndani. Begi lako sijalifunga zipu. Kwa juu nimepaacha wazi, na nafasi yake naijua.

Niliivisha mfuko mara moja tu. Umekaa.

Mama yako